Nilimfundisha Zubeda Kuandika Jina Langu

Makumbi yakifukuliwa, harufu yake haipigi hodi. Juzi jirani yangu alifukua shimo lake kule matopeni kwenye mikoko, akapita na mzigo kichwani mbele ya baraza langu, maji meusi yakimchuruzika mpaka shingoni, na nyumba yangu nzima ikanuka yai viza. Wageni wa mjini wakija huku hubana pua. Mimi sibani. Nilikulia ndani ya harufu hiyo, na kila ikinifikia hainiletei utoto mtamu kama ule wanaousimulia wenzangu. Inaniletea mkono wa Zubeda umeshika penseli yangu.

Nitawaeleza. Ila nawaambia mapema, kama mnatafuta habari ya kuwafanya mlale vizuri, kaulizeni kwa bibi mwingine.

Kijiji chetu kiko kusini ya Kigombe, na mama yangu alikuwa mwanamke wa makumbi. Asiyejua kazi hiyo nitamweleza kwa kifupi. Unakusanya makumbi ya nazi, unayafukia kwenye tope la pwani, unayakandamiza kwa mawe, unayaacha miezi mingi yaoze. Kisha unayafukua, unayaponda kwa kigongo mpaka ganda litoke na nyuzi zibaki, unaziosha, unazianika, unasokota kamba. Nilianza kuponda kabla meno yangu ya utoto hayajaisha kung'oka. Viganja vyangu vikawa vigumu, rangi ya chai ya rangi, na havikuwahi kutakata hata siku ya Idi. Kaka zangu wawili walikwenda mjini kutafuta kazi wakasahau njia ya kurudi. Baba alikuwa na kawaida ya kuvuka kwenda Pemba kuchuma karafuu, na kukaa huko mpaka msimu uishe na zaidi. Nyumbani tulibaki mimi, mama, na bibi mzaa baba, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia lakini ulimi wake haukuwa na ugonjwa wowote.

Shule niliipenda kwa sababu moja ya kijinga: haikunuka makumbi. Ilinuka chaki na mafuta ya nazi ya vichwa vya watoto. Mwalimu mkuu alikuwa Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, mtu mrefu wa soksi zilizovutwa mpaka magotini hata kwenye joto letu hili. Hakuwa mtu wa kusifu. Siku moja tu alisimama nyuma ya dawati langu, akatazama daftari, akasema, "Mwanakheri, mwandiko wako umenyooka kuliko mgongo wako. Kaa vizuri." Nilikaa vizuri mwaka mzima kwa maneno hayo.

Mtihani wa darasa la saba nikaufanya. Sina mengi ya kusema juu yake, niliandika nilichokijua na nilikijua kingi. Wiki chache baadaye, kabla majibu hayajatoka, nikavunja ungo.

Siku zile kwetu jambo hilo halikuwa la kunong'onezwa halafu mtoto akaendelea kuruka kamba. Ulikuwa mwari, na mwari aliwekwa ndani. Nilipewa chumba cha nyuma, dirisha lake dogo limezibwa kwa gunia. Nilisingwa msio na liwa, manukato ya kusugulia mwili, asubuhi na jioni mpaka ngozi ikawaka. Sikutakiwa kuonwa na jua, sembuse na mwanamume. Sikutakiwa kusema kwa sauti. Nikitoka kwenda chooni nilifunikwa kanga gubigubi kuanzia utosini, nikaongozwa kwa mkono kama kipofu, na kama kuna mtu uani aligeuza uso. Mwari hafunuliwi. Mtoto mdogo wa kijijini alijua hivyo kabla ya kujua kuhesabu. Kawaida ilikuwa kukaa mwezi mmoja, ukiandama mwezi mwingine unatolewa, unachezewa ngoma, yamekwisha.

Basi nimo humo ndani, nanukia kama bi harusi, nikasikia kengele ya baiskeli. Baiskeli yenye kengele ilikuwa moja tu, ya mwalimu mkuu.

"Hodi hapa!"

"Hodi ya nini, na wewe mwanamume?" Bibi alikuwa barazani anachambua mchele kwa vidole, macho hayamsaidii. "Ndani kuna mwari."

"Shikamoo, bibi. Najua. Nimeleta habari njema. Mwanakheri kachaguliwa."

"Marahaba. Kachaguliwa na nani? Mbona posa haijaletwa?"

"Kachaguliwa kuingia kidato cha kwanza, bibi. Shule ya bweni. Msichana pekee kwa shule yetu nzima."

Niliuma kanga mpaka nikasikia ladha ya rangi yake. Nje watoto waliokuwa wakicheza walishaanza kupiga kelele, "Mwanakheri kafaulu! Mwanakheri kafaulu!" wakikimbia nalo jina langu njia nzima. Mimi mwenye jina nilikuwa gizani, nimekatazwa kucheka kwa sauti.

"Haya, tumesikia," bibi akasema. "Nenda salama."

"Kuna fomu, bibi. Lazima aje kutia sahihi mwenyewe, kabla Ijumaa haijaisha. Asipotia, wilayani wanampa nafasi mtoto mwingine."

"Mwenyewe haonwi na jua, ataonwa na wewe?"

"Bibi, mimi sikutunga sheria hii."

"Na mimi sikutunga hii yangu. Baiskeli yako hiyo, panda."

Akapanda, akaenda. Mama aliingia baadaye na uji. Hakusema hongera. Aliweka bakuli chini, akachukua mikono yangu, akaigeuza viganja juu, akavitazama muda mrefu, kisha akanirudishia kama mtu anayerudisha kitu alichokiazima. Nilidhani ni furaha. Nilikuwa mtoto.

Siku ya pili yake shangazi Mize akaingia kutoka Ngamiani, kule mjini, na binti yake Zubeda. Shangazi alikuwa dada wa baba, mwenye jino la dhahabu na manukato yanayotangulia mlangoni. Habari ilimfikiaje mjini haraka namna ile, sikujiuliza. Alipoingia tu alilalamika. "Wifi, nyumba hii inanuka! Mnalala vipi humu?" Mama akajibu kwa upole, "Tunalala, wifi," akamtolea kiti, maana shangazi hakukaa mkekani, alisema mkeka unamkunja nguo.

Zubeda aliletwa chumbani kwangu kukaa nami. Tulikuwa rika moja na kimo kimoja, ila yeye mashavu yalimjaa na viganja vyake vilikuwa laini kama maandazi. Naye alikuwa amefanya mtihani ule ule mjini, na jina lake halikutoka.

"Mimi sikufeli," aliniambia kabla sijamuuliza. "Walikosea kusahihisha."

"Walikosea shule nzima au wewe tu?"

"Wewe usijione. Unanuka makumbi mpaka kwenye nywele."

"Nanuka liwa. Makumbi yamo puani mwako."

Tulianza hivyo, na tusingeacha kama shangazi asingeingia, akakaa kwenye kitanda changu cha kamba na kuliweka jambo mezani. Bibi na mama walisimama mlangoni. Alisema, mwari hatoki, hilo halina mjadala. Na nafasi haifai kupotea, hilo nalo halina mjadala. Basi Zubeda atafunikwa, ataongozwa hadi shuleni, atatia sahihi kwa niaba yangu, fomu itarudi nyumbani. Mwalimu hatathubutu kumfunua mwari. Nani atajua?

"Sahihi yenyewe ataijua?" bibi aliuliza.

"Mwanakheri atamfundisha," akasema shangazi. "Si ndiye mwenye akili?"

Nilikubali, wanangu. Sikulazimishwa, sikupigwa. Nilikubali kwa furaha, nikaona shangazi ni mtu mwema kupita watu wote wa ukoo. Nikachana karatasi ya kaki iliyofungiwa sukari, nikatoa penseli yangu niliyoificha chini ya godoro, nikamkalisha Zubeda sakafuni.

"M inaanzia chini, si juu."

"Kwetu tunaanzia juu."

"Huandiki ya kwenu, unaandika yangu. Na legeza mkono. Unaandika kama unafua."

Alijaribu mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka. Nilimchapa vidole kama nilivyoona mwalimu akifanya. Niseme ukweli, niliona raha. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kujua kitu ambacho mtu wa mjini hakijui. Mpaka adhuhuri alikuwa anaandika *Mwanakheri Bakari* na mkia mrefu wa i ya mwisho, mkia wangu mwenyewe nilioubuni darasa la tano, hata mimi nisingeweza kusema upi wake na upi wangu. Nikampa na penseli aende nayo.

Ijumaa asubuhi walimfunika kwa kanga zangu. Walimpaka liwa yangu pia, ili harufu isiwe na maswali. Bibi alimshika mkono, shangazi akatangulia na mwavuli. Nilivuta ncha ya gunia dirishani, nikachungulia. Wanaume waliokaa njiani waligeuza nyuso. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wa pili akamdaka. "Mwari kapita, mwari wa Bakari!" Nilikaa pale nikajitazama mimi napita, nazidi kuwa mdogo, mpaka nikakata kona ya msikiti nikapotea.

Walirudi na fomu. Shangazi aliisoma kwa sauti, kila kitu kinachotakiwa: sanduku la bati, godoro, shuka mbili, ndoo, kwanja la kufyekea majani. "Huku mtapata wapi sanduku la bati?" akasema. "Nipeni mimi, nitamtafutia kila kitu mjini. Siku ya kuripoti nitakuja kumchukua mwenyewe." Akaikunja fomu akaitia kifuani. Alasiri wakaondoka, na penseli yangu Zubeda hakuirudisha.

Nilibaki gizani nikipanga. Nyie mnaopanga leo mnapanga kwa simu, mnatazama picha za chuo na vitanda vyake. Mimi nilipanga kwa macho yaliyofumbwa. Nilipanga kuwa nesi, kwa sababu ya viatu vyeupe. Nilipanga kulala kwenye kitanda changu peke yangu, niwe na ufunguo wa sanduku shingoni. Nilipanga barua nitakayomwandikia baba Pemba. Nilipanga hata namna nitakavyorudi likizo na kukaa kwenye mkeka mgongo umenyooka. Mipango yote ilikamilika, ikabaki mimi kutoka.

Kisha nikasikia watoto nje wakiupigia kelele mwezi mwandamo. Nikaamka nikajifunga vizuri, nikangoja kutolewa. Hakuja mtu. Asubuhi nilimuuliza bibi kwa sauti ile ya chini tuliyofundishwa.

"Mwezi huu hauhesabiki," akasema. "Uliumwa homa katikati."

"Homa ilikuwa siku mbili, bibi."

"Mwari habishi."

Nikakaa mwezi wa pili. Sitawaeleza kila siku yake. Siku waliyonitoa palipigwa ngoma, wanawake wakacheza, nikavalishwa kanga mpya, nikasifiwa weupe. Mimi macho yangu yalikuwa njiani, yanatafuta mwavuli wa shangazi.

Kulipokucha nikaenda shuleni kabla mama hajamaliza kuchoma mihogo. Mwalimu mkuu alikuwa ofisini anachonga penseli kwa wembe. Aliponiona aliacha.

"Wewe! Umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa wapi, mwalimu?"

"Shuleni."

"Sijaenda."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa hesabu asiyoijua. Akafungua mtoto wa meza, akatoa barua yenye mihuri, akanionyesha kwa kidole. Ilikuwa orodha ya waliofika siku ya kwanza. Jina langu lilikuwamo. Mbele yake palikuwa na tiki nyekundu.

"Lakini ile Ijumaa ulikuja," akasema. "Bibi yako alikushika mkono."

"Sikuja, mwalimu. Mimi nilikuwa ndani."

Akavua miwani. Akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Funga mlango," akasema.

Nikafunga.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyepiga muhuri fomu ile. Niligeukia ukutani, nikamsogezea karatasi bila kumtazama. Nikilipeleka jambo hili wilayani, wa kwanza kuulizwa ni mimi: ulimpa nani, ulimwona uso? Nitajibu nini?"

"Kwa nini hukumfunua?"

"Nimfunue mwari? Hapa?" Alicheka kicheko kibaya. "Mwaka wangu wa kwanza nilituma mtu akamwite mwari mmoja aje kufanya mtihani. Wanawake wenu walikuja hapa na michi. Na michi! Nilitokea dirishani. Wewe nenda nyumbani, nyamaza. Una akili, utaolewa vizuri."

Alikuwa mwalimu mzuri, wengine watawaambia hivyo na hawadanganyi. Kwangu mimi alikuwa mtu mrefu mwenye soksi aliyechagua kazi yake akaniacha mimi. Alipohamishwa, watoto walilia wakamsindikiza na kuku. Sikwenda.

Mama alikubali kunipeleka Ngamiani, baada ya mimi kukataa kula siku tatu. Tulimkuta shangazi barazani anashona kwa cherehani, na uchochoro umejaa baiskeli na watu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Karibuni. Mbona mikono mitupu, hata nazi hamkuniletea?"

"Nimekuja kuchukua fomu yangu."

"Fomu?" Hakuacha kushona. "Mwari umetoka, umechezwa, karibu tutakula pilau yako, fomu ya nini tena?"

"Zubeda yuko wapi?"

"Shule."

"Shule ipi, na yeye alifeli?"

Hapo mguu wake ukasimama kwenye cherehani. Lakini hakunitazama mimi. Alimtazama mama. "Wifi," akasema polepole, "mwambie mwanao. Mimi sitaki makelele, majirani wana masikio."

Mama alitazama sakafu. "Twende, Mwanakheri. Gari litatuacha."

"Mwizi!" nikamwambia shangazi. "Mwizi mkubwa wewe! Na mwanao mwizi!"

Alinyanyuka akanipiga kibao kilichoniziba sikio upande mmoja. Uchochoro mzima ukageuka kutazama. Mimi nilimtazama mama. Nilingoja afanye kitu, hata kunishika tu. Alikuwa anakunja kanga yake, anaikunjua, anaikunja.

Nilimhurumia, mnajua? Njia nzima ya kurudi nilikuwa namhurumia. Nikasema moyoni, maskini mama yangu, hana sauti mbele ya wifi yake wa mjini. Baba aliporudi kutoka Pemba aliambiwa, akawasha sigara, akauliza kama kuna chai. Nikarudi matopeni. Nikashika kigongo nikaponda, na kila kumbi lilikuwa na jino la dhahabu.

Yaliyofuata ni maisha, kila mtu anayo. Niliolewa, nikazaa watano, wanne wako hai. Zubeda alimaliza shule yangu, akaingia chuo changu, akawa nesi wa serikali kwa jina langu. Akajenga nyumba Chumbageni, mjini. Hata viatu vyeupe alivaa. Mtoto wangu wa pili alipokuwa mchanga nilimpeleka zahanati moja mjini kuchanja, nikakuta kifuani mwa nesi kibati kimeandikwa jina langu lote mpaka la baba. Tulitazamana. Yeye akachukua sindano. Sina la kumsingizia, alichoma vizuri, mtoto hakulia sana. Nilipofika nyumbani mume wangu akaniuliza nani aliyemchanja, nikamwambia, mimi.

Kwa watu wa mjini Zubeda hakuwapo tena. Wanawe walikua wakijua mama yao anaitwa Mwanakheri. Nami nilipokata kitambulisho niliulizwa mbona mtu mwenye majina haya ameshaandikishwa, nikaongeza jina la babu ili nitofautishwe na yeye. Mimi ndiye niliyeongeza, siyo yeye.

Shangazi Mize alipokufa nilikwenda msibani. Msinisifu, nilikwenda kuhakikisha. Nilikwenda na mama, wakati huo mzee, amekalishwa ndani na wazee wenzake. Sisi tulikuwa uani tunapika. Mtu akaita, "Bi Mwanakheri! Maji yamechemka!"

"Bee!" nikaitika.

"Bee!" akaitika Zubeda, hatua nne kutoka kwangu.

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Leo tunao wawili!" Sisi hatukucheka. Nikachukua upawa nikamsogelea, nikamwambia mbele ya sufuria ya wali, "Mmoja. Mwingine ni wa kuazima, na hajarudisha mpaka leo."

Alikuwa amenenepa, anapumua kwa shida, na siku ile alikuwa amefiwa. Nilijua yote hayo na sikuona sababu ya kungoja. Akafuta uso kwa ncha ya kanga.

"Miaka yote hii unanichukia mimi," akasema. "Mimi nilikuwa mtoto kama wewe. Nilitolewa mjini nikaambiwa kuanzia leo wewe ni fulani, ukikosea tutafungwa sote. Miaka minne bwenini nalala nikiogopa kuota kwa sauti, nisijitaje. Unadhani ilikuwa sherehe?"

"Ulikula nafasi yangu."

"Nilipewa. Na aliyenipa siyo mama yangu." Akaelekeza kidevu ndani, kwa wazee. "Nani aliyetuma ujumbe mjini siku ile ile kwamba nafasi ipo na mwenyewe haendi? Mama alikuwa hajui hata kama umefaulu. Kamuulize mamako. Mimi nimechoka kubeba peke yangu."

Upawa ulikuwa mkononi mwangu na wali ulikuwa unaungua. Nakumbuka mtu alinisukuma kando akaukoroga.

Sikumuuliza mama pale. Nilimuuliza nyumbani, kesho yake, amekaa mkekani anatenganisha nyuzi kwa vidole, kazi ambayo hakuiacha hata uzeeni. Nilimuuliza kwa maneno machache, kama unavyomuuliza mtu saa. Hakukana, hakulia. Aliendelea na nyuzi zake.

"Ndiyo," akasema. "Nilimtuma mwenye gari la nazi."

"Kwa nini?"

"Kaka zako walikwenda. Baba yako alikuwa mtu wa Pemba. Bibi yako alishaanza kupapasa ukuta. Ungekwenda, ningebaki na nani?"

"Na mwezi wa pili? Kule ndani?"

"Shule ilikuwa haijafunguliwa. Ungetoka ungekwenda kudai." Akanyoosha uzi mmoja kwenye mwanga wa mlango. "Nafasi ingepotea bure. Bora aipate mtoto wa wifi kuliko mgeni wa wilayani. Na shule nayo… ungerudi kwangu?"

Jibu tulilijua wote wawili. Nisingerudi. Ningekuja likizo, mgongo umenyooka.

Nilimtunza mpaka akafa. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza kitandani, na watu walinisifu kwamba hakuna binti kama mimi. Lakini tangu siku ile hatukula sahani moja tena. Yeye alijua sababu, na hakuomba.

Kwa hiyo mtoto aliyepigwa kibao Ngamiani alikuwa amekosea adui. Alidhani mama hana sauti mbele ya wifi. Kumbe pale mama ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote, sote tulikuwa tunafuata aliyoyasema yeye. Nilidhani nimefungiwa kwa mila. Mila ilikuwa mwezi mmoja, na huo mwingine alikuwa mama.

Mwaka jana majibu ya kidato cha nne yalitoka, na mjukuu wangu niliyekuwa naishi naye, aliyekuwa akinichotea maji na kunikanda magoti, aliyaona kwenye simu yake hapa hapa barazani. Baadaye ikaja nafasi ya kidato cha tano, bweni, mikoa ya kusini, mbali kweli. Alinisomea, akaruka, akanikumbatia. Nami nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Ukienda, mimi nitabaki na nani?"

Niliyasikia maneno hayo yakitua sakafuni. Mtoto aliacha kuruka. Uso ule ulianza kujifunga, ukajitayarisha kusema, basi, bibi, nitabaki, nitatafuta chuo cha karibu. Ilichukua muda mfupi kabisa. Neno moja tu lingetosha, hata nisingehitaji gunia la dirisha.

"Umesikia nilichosema?" nikamuuliza.

"Nimesikia, bibi."

"Basi ni upuuzi wa mzee. Kalete hiyo orodha ya vitu. Na siku ya kuripoti naongozana nawe mpaka mlangoni, nikuone unasema jina lako mwenyewe, uso wazi."

Nikaenda naye, siku mbili njiani na magoti haya.

Watu wananiambia, mama yako alikupenda, ndiyo maana. Najua alinipenda. Sijawahi kulitilia shaka hilo, na ndilo linalonichoma, maana angekuwa ananichukia ningeshamaliza naye zamani. Nimemwelewa. Kumsamehe sijafika, na kwa umri huu sijui kama nitawahi. Maji siku hizi nachota mwenyewe, nusu ndoo kwa safari. Nikichoka natua ndoo njiani, nagombana na mama kidogo, kisha nanyanyua naendelea.